Raheli kwa Kiebrania

Lewisham, London
9 Februari 1982

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na Mama vilevile, na moyo wake umetulia tangu walipombadilishia dawa.

Ada ni kuandika "sisi huku hatujambo". Baba, sisi hatupo tena. Niko mimi tu. Dorkasi amefariki.

Nimeuandika mwanzo huu nikauchana, nikauandika tena, na hakuna njia ya kuufanya mwepesi. Alirudi skuli Jumanne analalamika kichwa. Nikampa dawa, nikamlaza. Asubuhi shingo imekakamaa. Mimi nesi, Baba, nilijua ni nini kabla sijaifikia simu. Homa ya uti wa mgongo. Nilimpeleka hospitali ile ile ninayofanyia kazi, na wenzangu walifanya kila waliloweza, nilikuwapo nikiwatazama, sina wa kumlaumu. Ijumaa asubuhi alikwisha. Miaka tisa, na jino moja la mbele lilikuwa bado halijaota sawasawa.

Tumemzika makaburi ya Hither Green, karibu na reli. Baba yake yuko Kanada na mke wake mwingine. Nimempelekea simu ya maandishi, hajajibu. Aliyenisimamia ni Mama Kokila, yule Mhindi wa Malindi niliyekwambia, aliyetoka Unguja baada ya Mapinduzi na sasa ana duka la vitambaa hapa karibu na soko. Yeye Mhindu, lakini alikuja na jamvi lake kwapani akalitandika sebuleni kwangu, akasema, "Msiba wa Kiunguja haukaliwi kwenye kochi." Akakaa nami mpaka siku ya kuondoa tanga.

Padri wa hapa alisoma Yeremia, pale Raheli anapowalilia watoto wake asikubali kufarijiwa. Kiingereza chake kilinipita masikioni. Nikakumbuka barazani kwetu Mbweni, wewe na wanafunzi wako na ubao wa herufi za Kiebrania, na mimi mdogo chini ya meza. Ulikuwa ukiwaambia kwamba tafsiri ni chai ya maji ya pili: majani ni yale yale, lakini rangi imepungua. Baba, nataka chai ya kwanza. Niandikie maneno yale yanasema nini hasa, moja moja. Usinihubirie.

Mwambie Mama kwa upole. Mshike mkono kwanza. Nitamwandikia mwenyewe nikipata nguvu. Mwambie alie, nami nilie, maana hapa nalia peke yangu na jirani wa chini anagonga dari.

Mwanao,
Zipporah


Mbweni, Unguja
6 Machi 1982

Zipporah, ndege wangu,

Marahaba, mwanangu. Ndege ndiyo maana ya jina lako, nami nilikupa kwa kupenda, sikujua utaruka mbali hivi.

Barua yako niliifungua pale pale posta Shangani. Unajua nina tabia ya kuzionja barua zako kabla ya kumsomea mama yako. Nilikaa kwenye ngazi za posta mpaka mtu nisiyemjua akaniletea maji. Dorkasi wangu. Nimewazika watoto wa watu wengi, nikawaambia wazazi wao maneno niliyoyaamini. Leo siyaoni yaliko.

Sasa nisikilize, usikasirike. Mama hajui. Daktari alisema wiki ile ile kwamba moyo wake umepanuka na asipatwe na mshtuko wowote. Nawe unajua desturi yetu, mgonjwa hapelekewi tanzia. Nilirudi nyumbani nikiwa bado sijaamua. Akanisikia mlangoni, akauliza, "Wanaendeleaje huko?" Mdomo wangu ukasema, "Hawajambo." Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilijikwaa, na sasa sijui pa kurudia.

Macho yake yamezidi kuzibwa na mtoto wa jicho, barua zote namsomea mimi. Nakuomba, mwandikie moja tu, kama kawaida, Dorkasi akiwamo. Apate nguvu kwanza.

Ningependa pia mjukuu wangu angelala hapa Mbweni, kando ya mabibi zake. Kwa nini hukusubiri?

Haya, maneno. Kol ni sauti. Nehi ni maombolezo, kilio cha wanawake wanaojua kuomboleza. Raheli maana yake kondoo jike, kwa hiyo hata kwa jina ni mama wa wanyonge. Na neno la kulia, mevaka, ni la tendo ambalo halijakoma. Nabii alipoandika, Raheli alikuwa amekwisha kufa zamani za kale, na bado analia.

Kila asubuhi nasimama dirishani nausoma mstari huo kwa Kiebrania, kwa sauti, ndipo na mimi ninapolia. Kwa Kiswahili nisingethubutu, maana kitanda cha mama yako kiko nyuma ya pazia. Akisikia hudhani ni sala zangu za kila siku.

Baba yako


Lewisham
28 Machi 1982

Baba,

Shikamoo.

Unaniuliza kwa nini sikusubiri. Raheli mwenyewe alizikwa wapi? Njiani, kando ya barabara ya kwenda Efrata. Yakobo hakumbeba kumpeleka kwenye pango la wazee wake. Alimzika alipofia, akasimamisha jiwe, akaendelea na safari huku analia. Ulinifundisha wewe, chini ya ile meza.

Nilipofiwa nilikuwa na kitu kimoja tu cha kungojea, sauti ya mama yangu ikilia. Nawe umenipokonya. Najua ni kwa kumpenda. Haipunguzi kitu.

Ndani ya bahasha hii mna karatasi ya pili. Msomee. Niliiandika nimesimama, nikaikunja bila kuirudia.

Zipporah


Lewisham
28 Machi 1982

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, hofu ni juu yako.

Somo yako anakusalimu sana. Anajivuna kwamba mnaitwa jina moja, anawaambia wenzake skuli kwamba Dorkasi mkubwa yuko Zanzibar na yeye ndiye mdogo. Jino lake limeota, limekaa upande kidogo. Skuli wamefanya mchezo wa kuigiza, yeye akapewa kuwa mti. Kazi yake ilikuwa kusimama asiseme neno, na unamjua, neno lilimtoka. Nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, ila "bibi" hulitamka vizuri. Anauliza kama yule kuku mwekundu bado anataga juu ya kabati lako.

Baridi inapungua. Kunywa dawa, Mama.

Mwanao,
Zipporah


Mbweni
20 Julai 1982

Ndege wangu,

Natumaini u mzima. Nimechelewa kukujibu kwa kuona haya, nakiri. Kuhusu kaburi la njiani umenishinda. Mwanafunzi amempita mwalimu.

Mama yako aliposikia habari za mti alicheka. Hajacheka hivyo tangu mwaka jana. Kila anapokuja mgeni naambiwa niitoe barua nimsomee naye, nami nasoma, na nikifika kwenye jino husimama nikafuta miwani. Ameanza kukaa barazani jioni. Daktari amefurahi.

Sasa anataka uzi. Nilikuwa naogopa siku hiyo na imefika. Anasema mwaka huu umechelewa kumpima somo yake: uzi toka begani mpaka chini ya goti, fundo moja kiunoni, uutie kwenye barua kama miaka yote, ili gauni la Krismasi liwahi. Macho hayaoni, lakini vidole vyake na cherehani bado vinaelewana. Nilimwambia ashone kwa uzi wa mwaka jana. Akaniuliza, "Kwani mtoto hakui?"

Najua ninachokuomba, Zipporah.

Uliniuliza maneno, nami niliacha yaliyo mazito. Meana lehinahem, akakataa kufarijiwa. Maneno hayo hayo yametumika kwa Yakobo alipoletewa kanzu ya Yusufu ina damu: wanawe wote wakasimama kumfariji, akakataa. Na hilo la kufarijiwa, nahem, wataalamu wengine husema asili yake ni kuvuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. Basi Raheli anakataa kupumua.

Baba yako


Lewisham
2 Septemba 1982

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi naendelea na kazi. Watu wa wodini wananionea huruma mpaka inachosha.

Umenikumbusha Yakobo. Wanawe walimletea kanzu wakamwacha amlilie mtoto aliye hai. Sisi tunamchekesha Mama kwa mtoto aliyekufa. Sijui yupi mwenye dhambi zaidi, na wewe ndiye padri.

Uzi huu hapa. Nikueleze nilivyoupata, kwa kuwa siwezi kuubeba peke yangu. Nilifikiri kukisia tu, nikashindwa, mkasi ulinigomea. Nikaenda dukani kwa Mama Kokila. Mjukuu wake Sudha ana umri wa Dorkasi, walikuwa wakicheza chini ya meza ya vitambaa. Nikamwambia nataka kumpima kwa ajili ya gauni la zawadi. Akasimama wima, kidevu juu, mikono imebana ubavuni, vile vile kama wangu alivyokuwa akisimama, maana ndivyo nilivyowafundisha wote wawili. Nikashika uzi begani kwake nikaushusha. Mama Kokila aligeuka akaanza kupanga marobota ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Nilipotoka alinifuata mpaka nje akaniambia, "Shoga yangu, hii mara ya mwisho. Utakuja kupotewa na sura ya mwanao."

Ana haki. Nilipofika nyumbani nilijaribu kumkumbuka Dorkasi begani, nikamwona Sudha.

Kwa hiyo huu ni uzi wa mwisho, na barua kama ile siandiki tena. Nimepata likizo ya Februari. Nitakuja, nitaingia chumbani kwa Mama, nitamshika mkono, nitamwambia mwenyewe. Nataka kulia na mama yangu, Baba. Sitaki kingine duniani. Ukiniandikia nisije, nitakuja vilevile.

Niandikie mistari inayofuata ile, kama inafuata kitu.

Mwanao,
Zipporah


Mbweni
10 Oktoba 1982

Ndege wangu,

Njoo. Sitakuzuia. Nimechoka na mimi.

Uzi umefika. Nilimpa mama yako mkononi. Akaupitisha vidoleni polepole, akalitafuta fundo, akarudi begani, akalitafuta tena. Kisha akasema, "Haya," akaniagiza kopo lake la biskuti anamoweka nyuzi zako za miaka yote. Tangu hapo yuko kwenye cherehani, saa nzima kwa mshono mmoja. Hataki nimshikie kitambaa.

Umeuliza kinachofuata. Bwana anamwambia Raheli azuie sauti yake asilie, kuna ujira wa kazi yake. Kisha: yesh tikva, kuna tumaini kwa mwisho wako. Na mwisho kabisa, veshavu banim, watoto watarudi mpakani kwao. Hiyo tikva ndilo neno la ile kamba nyekundu Rahabu aliyoifunga dirishani. Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwaambia kwamba tumaini la Waebrania ni kitu unachoweza kukishika. Nilikuwa kijana, nikisema mambo mengi.

Angalia kwamba andiko halisemi Raheli alinyamaza. Limemwambia tu. Jibu lake halikuandikwa.

Baba yako


Lewisham
19 Desemba 1982

Baba yangu,

Shikamoo. Hujaniandikia tangu Oktoba. Naomba iwe ni posta tu.

Kifurushi kimefika. Alikileta Bwana Vuai, yule Mpemba wa Hayes anayefanya kazi maghala ya uwanja wa ndege. Alikuwa likizo huko, akakichukua kwako mwishoni mwa Novemba, na juzi akapanda basi na treni mpaka huku Lewisham kunikabidhi mkononi. Anasema Mama alimpa mwenyewe, na alimshika mkono kwa muda mrefu.

Gauni ni jeupe lenye vijiua vya manjano. Mishono imenyooka kuliko ya watu wanaoona. Lakini ni fupi, Baba. Nililiweka juu ya gauni la mwaka jana, yakalingana, bega kwa bega, pindo kwa pindo. Uzi niliomletea nimeukuta mfukoni mwa gauni, umezungushwa vizuri na fundo limefunguliwa. Alichanganya nyuzi koponi? Ama macho yamekwisha kabisa na wewe hukuniambia?

Tiketi ninayo. Natua tarehe kumi na moja Februari. Mwambie nakuja, usimwambie lingine.

Mwanao,
Zipporah


Mbweni
5 Januari 1983

Zipporah mwanangu,

Kaa chini kwanza. Kama Mama Kokila yuko karibu, mwite.

Mama yako alipumzika tarehe nane Desemba, asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado na joto. Tumemzika hapa Mbweni. Ndugu waliniambia nisikuandikie, kwamba uko peke yako ugenini na msiba mbichi, ungojewe mpaka ufike. Desturi ni ile ile. Nilikubali. Kisha ikaja barua yako, unauliza kama macho yamekwisha, nikaona siwezi kukufanyia wewe nililomfanyia yeye.

Mama yako alikuwa anajua. Tangu Machi alikuwa anajua.

Aliniambia Jumapili ya mwisho, tumekaa barazani. Alisema, "Wewe mwanamme, kila asubuhi unasimama dirishani unamtaja Raheli na sauti inakukatika. Maneno mengine siyajui, lakini jina lake ni lile lile. Umetusomea kanisani kila mwaka sikukuu ya watoto waliouawa na Herode. Miye simjui Raheli analilia nini?"

Zipporah, nimefundisha Kiebrania maisha yangu yote, nikadhani naweza kujificha ndani yake. Sikukumbuka kwamba majina hayafasiriwi.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, "Nilidhani ndivyo anavyotaka mwanangu. Anamkuza mtoto wake kwenye karatasi, anamtia meno, anamfanya mti. Miye nimkatie? Nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe, hata uzi niliuomba nikidhani utamtoa neno." Nikamwambia kwamba wewe ulitaka kumwambia tangu siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyekuzuia. Hakunigombeza. Akauliza, "Basi alikuwa analia na nani?"

Nami nilimuuliza yeye alikuwa analia lini. Akasema, "Ukenda posta."

Gauni hakukosea. Alisema uzi ule alipoushika tu alijua ni wa mtoto wa watu, bega halikuwa la somo yake. Akaufungua fundo ili asimshonee mtoto aliye hai nguo ya marehemu. Kisha akautafuta ule wa mwaka jana. "Somo yangu atavaa kimo chake," ndivyo alivyosema. Ile barua ya mti alikuwa akinisomesha kwa wageni kwa sababu, alisema, mlikuwamo nyote wawili.

Nilimwambia unakuja Februari kulia naye. Akasema atajitahidi kungoja. Alijitahidi, mwanangu. Nilimwona akijitahidi.

Siku hizi nausoma ule mstari kwa Kiswahili. Hakuna wa kumficha.

Baba yako


Lewisham
22 Januari 1983

Baba yangu,

Shikamoo. Pole, Baba. Na mimi nipe pole. Nakuja tarehe ile ile, nipokee.

Sikulaumu. Nimejaribu, imekataa. Wewe ulilia dirishani, yeye alilia ukenda posta, mimi nililia juu ya dari ya mtu, na wote watatu tulikuwa tunahurumiana. Mama Kokila amelileta tena jamvi lake. Safari hii alilitandika tu akakaa.

Karatasi ya pili ni ya Mama. Arobaini yake imepita bila mimi, basi nenda kaburini kabla sijafika, umsomee. Kwa sauti, Baba, na usiruke neno.

Zipporah


Lewisham
22 Januari 1983

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo.

Barua hii ilikuwa iwe ya kwanza. Somo yako amefariki. Alianza kuumwa kichwa Jumanne akitoka skuli, na Ijumaa asubuhi akakata roho, mkono wake uko mkononi mwangu. Aliniuliza kama utaleta kuku ukija. Nikamwambia ndiyo. Jino halikuota, Mama. Mti hakuwahi kuwa, mchezo ulikuwa Machi. Nilitunga yote nimesimama jikoni, na nilipomaliza nilitamani kuongeza ukurasa.

Nilitaka kukushika mkono nikwambie. Nisamehe kwa kuchelewa.

Gauni limemkaa. Ni kimo chake hasa, bega lake, kiuno chake. Nililiegemeza ukutani pale nilipokuwa nikimpimia, na sura yake ikanirudia yote, ya Sudha ikaondoka. Februari nalileta Mbweni. Baba alitaka alale huko, kando ya mabibi zake, na kaburi lake liko huku njiani karibu na reli, siwezi kulihamisha. Lakini gauni tutalizika kwako, upande wa mkono uliokuwa ukishonea. Uzi wa Sudha nimeurudisha kwa mwenyewe, ameufanya mchezo.

Baba ananiambia Raheli hakujibu alipoambiwa anyamaze. Nami sinyamazi. Lia, Mama, sasa hatufichani.

Mwanao,
Zipporah
mama yake Dorkasi